Plastiki za Mtwara na Lindi: kabla ya kununua mashine ya matofali, mtafute fundi wa kuziba madumu

#1 Mwana wa Shangani

Wakuu, salamu kutoka Mtwara mjini.

Haupiti mwezi bila kijana kunitumia video ya tofali la plastiki na mchanga, chini ameandika: "Kaka, mashine hii shilingi ngapi, na sisi tuanze?" Swali ni zuri na moyo wa kuuliza naupenda. Ila nimelijibu faraghani mara nyingi, na kila nikijibu naona nimeacha nusu. Leo naandika hapa yote niliyopitia, pamoja na hasara yangu, ili atakayeanza asianzie shimoni.

Tulikuwa wanne. Tuliokota chupa za maji na soda: ufukwe wa Shangani, soko kuu, stendi, na kwenye kumbi za harusi Jumapili asubuhi. Kumbi za harusi zina chupa kuliko mahali popote, tena safi. Baada ya miezi mitatu ua wa nyumbani ulijaa, mama akawa hana pa kuanika nguo. Tukakodi Fuso ya kwenda Dar, tukapakia mpaka turubai likakataa kufunga. Tulijipa moyo kwamba hapo pana tani tatu, pengine nne. Mizani ya mnunuzi ikasema haifiki hata tani moja.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, ningeipiga nyumbani nisingesafiri. Chupa tupu ya nusu lita ina gramu 10 hadi 20 hivi. Lakini nafasi inayochukua garini inakaribia lita nzima, maana vitu vya duara havilaliani vizuri. Mita moja ya ujazo inameza chupa kama 1,000, sawa na kilo 15, au 20 zikiwa nzito. Bodi ya gari yenye mita za ujazo 30 inatoka na kilo 450 hadi 600. Kutoka hapa hadi Dar ni zaidi ya kilomita 550. Mwenye gari anadai nauli ya gari zima na ana haki, kwa sababu gari limejaa. Limejaa hewa.

Kisha mnunuzi akafungua viroba. Vizibo havikutolewa. Lebo zipo. Chupa za ufukweni zina mchanga ndani, nyingine zimekaa juani mpaka zinavunjika kama ganda la yai. Humo humo mna chupa za mafuta ya kula na vidumu vya maziwa. Akakata bei. Nilichopewa hakikutosha nauli, na wenzangu wawili waliacha kazi siku ile ile.

Aliyenirudisha ni fundi wa kuziba madumu. Dumu la lita 20 la nyumbani lilipata ufa, nikalipeleka sokoni. Watu wa Newala na Tandahimba mnawajua mafundi hawa kuliko sisi wa pwani, maana kule juu uwandani maji yako mbali na dumu ni mali. Nilibeba kipande cha beseni lililovunjika, nikidhani namsaidia kiraka. Akakishika, akakikwaruza kwa ukucha, akakirudisha.

"Hiki hakishiki, mjomba. Dumu linataka dumu mwenzake."

Nikamwambia si zote plastiki? Akapasha moto chuma chake, akabandika kile kipande cha beseni kwenye dumu mbele yangu. Kikayeyuka, kikakaa. Kilipopoa akakisukuma kwa kidole gumba, kikabanduka chote kizima bila kuacha hata alama. Kisha akabandika kipande cha dumu jingine. Hicho nilikivuta kwa koleo nikashindwa.

Wakuu, nilikaa kwenye kigoda chake hadi saa kumi jioni. Yule mzee hajui kwamba dumu limeandikwa namba 2 chini, ile namba ya pembetatu inayotaja aina ya plastiki, na beseni mara nyingi namba 5. Hajui kwamba ya kwanza inayeyuka kwenye nyuzi 130 hivi na ya pili kama 160. Lakini anazitofautisha kwa ukucha, kwa mlio zikigongwa, kwa namna zinavyojikunja, na kwa harufu kwenye chuma cha moto. Nilichofukuziwa Dar kwa kukosa kukijua, anakifanya yeye kila siku kwa bei ya kiraka.

Basi hoja yangu ndiyo hii. Ubunifu tunaouhitaji Kusini kwanza ni kutenganisha plastiki pale pale inapotoka, na kuiondoa hewa kabla haijapanda gari. Tofali lisubiri. Tumetengeneza kibanio kwa fremu ya chuma na jeki ya lori, jeki inakaa chini na kusukuma bamba kwenda juu. Chupa zilizobanwa na kufungwa kwa waya zinakaa kwenye nafasi ndogo mara kumi au zaidi. Gari lile lile lililobeba nusu tani sasa linabeba mzigo wa kueleweka, na nauli ni ile ile.

Karibuni tujadili. Mwenye swali aulize, mwenye alichokiona akiseme.

#2 Mlinga

Mkuu, nimesoma mara mbili. Niko Lindi mjini. Nina jambo moja la kupinga. Kwa nini tubane chupa zetu tuzipeleke Dar, wenzetu wakatajirike? Kenya yuko dada anayetengeneza matofali ya kutandaza chini kwa plastiki, Nairobi hapo. Hana haja ya kusafirisha taka. Sisi tunakosa nini? Mchanga tunao, plastiki tunayo, na mitaa yetu mvua ikinyesha ni tope.

#3 Mwana wa Shangani

Mlinga kaka, asante. Huyo ni Nzambi Matee, kampuni yake inaitwa Gjenge Makers, na mwaka 2020 Umoja wa Mataifa ulimtambua kama mmoja wa vijana mashujaa wa mazingira. Kazi yake naiheshimu sana. Alitumia muda mrefu kutafuta mchanganyiko unaoshika na kuunda mashine mwenyewe, na tofali lake hugandamizwa kwa shinikizo kubwa. Video inakuonyesha dakika mbili za mwisho tu.

Kuna mambo mawili vijana wetu hawaambiwi.

La kwanza, chupa ya maji si ya tofali. Ni namba 1, ile inayoitwa PET, nayo inataka kama nyuzi 250 ndipo iyeyuke. Kwenye pipa la kuni, ukifika huko mifuko na madumu uliyochanganya nayo yameshaanza kutoa moshi na kuharibika. Tena PET ikiyeyushwa na unyevu ndani inakuwa dhaifu kama kioo. Tofali linataka namba 2, 4 na 5: madumu, mifuko laini, ndoo, vizibo. Chupa ya maji inatakiwa irudi kiwandani iwe nyuzi au chupa tena, na kiwanda cha hivyo hatuna. Ndiyo maana nasema ibanwe iende.

La pili ni moshi, na hapa naomba nisikilizwe. Nimeona vijana wanakoroga pipa la plastiki na mchanga kwa mti, uso juu ya mvuke, hata kitambaa puani hawana. Bomba la PVC likiingia humo, namba 3, linatoa gesi ya asidi inayochoma macho na mapafu. Kwa hiyo PVC kamwe. Namna ya kuitambua: pasha waya wa shaba hadi uwe mwekundu, gusisha plastiki, rudisha waya motoni, mkiwa nje penye upepo. Moto ukiwa wa kijani, weka kando. Na hizo salama nazo ziyeyushwe taratibu, zisiachwe zikatoa moshi. Ukiona moshi umeshapitiliza.

Nikiwa hapo hapo, akina mama zetu wanawashia mkaa kwa mfuko wa plastiki. Bibi yangu amefanya hivyo maisha yake yote. Sasa namkatia vifuu vya nazi vikavu kila Ijumaa, na ameacha.

Kwa hiyo Mlinga, tofali sikulikataa. Nimesema lisubiri mpaka tujue kutenganisha, maana tofali la mchanganyiko usiojulikana litapasuka, na mteja wa kwanza akipasukiwa, wa pili haji.

#4 Fundi Ligula

Nakazia kwenye mchanga. Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mwaka jana kijana aliniletea michoro ya mashine ya kusaga, ile ya Precious Plastic ambayo Mholanzi Dave Hakkens aliianzisha 2013 na kuiachia dunia bure. Michoro ni mizuri, chuma kinapatikana. Tuliunda, ikasaga vizuri wiki mbili. Akaleta chupa za ufukweni bila kuosha. Mchanga ulikula visu mpaka vikawa kama kijiko. Kuvinoa upya ni kufungua mhimili wote.

Ushauri: ukiwa na mashine ya kusaga, chupa za kumbi na hoteli zipite humo. Za ufukweni zibanwe tu, au zioshwe kwanza. Na uliza umeme. Mota nyingi za kazi hii zinataka fezi tatu, na mtaa wako unaweza kuwa na fezi moja.

#5 Mwana wa Shangani

Fundi, ahsante, hilo la fezi nililisahau na ni kubwa.

Niongeze: ukishasaga, maji yanakusaidia kutenganisha. Mwaga chenga kwenye pipa la maji. PET inazama. Vizibo, dumu na ndoo vinaelea. Vizibo vilivyotukatia bei Dar vinajitoa vyenyewe juu, unavikusanya kwa chujio.

#6 Mama Mwani

Hamjambo wanangu. Naandikiwa na binti yangu, tuko Songosongo. Nimesikia mnataja chupa na madumu, mimi nina langu. Sisi tunalima mwani. Kila kishina tunakifunga kwenye kamba kwa tai-tai, ile nyuzi ya plastiki. Kamba moja ina tai-tai nyingi sana, na tukivuna nyingi zinakatika zinakwenda na maji. Naziona kwenye nyasi za baharini, naziona mchangani. Tunalima bahari na tunaitupia taka wenyewe, linaniuma. Chupa tunazitumia kama maboya, nazo jua likizipiga zinapasuka, zinabaki vipande vipande. Je, tai-tai zina kazi? Tukizikusanya nani atazitaka?

#7 Mwana wa Shangani

Shikamoo mama. Umeuliza swali ambalo sijawahi kulisikia kwenye semina yoyote ya usafi wa fukwe, na semina nimekaa nyingi.

Tai-tai na kamba nyingi za mwani ni namba 5, jamaa ya beseni. Kwa jina zinayeyuka vizuri na zinaweza kuwa kitu. Ninachokihofia ni chumvi na jua. Plastiki iliyokaa juani muda mrefu imeshakatika ndani kwa ndani, hata ukiiyeyusha haina nguvu. Sitaki nikupe jibu la kitabuni. Naomba siku chache nikamuulize yule fundi wa madumu kwa mkono wake. Binti akupigie picha ya tai-tai mpya na ya zamani aiweke hapa.

Kwa sasa, mama, mkivuna wekeni kiroba kimoja chomboni cha tai-tai zilizokatika. Hata zisipopata mnunuzi, zikiwa kirobani haziko kwenye nyasi.

#8 Mkulima wa Korosho

Nipo Tandahimba. Huku taka yetu kubwa si chupa za maji, ni mifuko ya salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, na chupa za dawa ya maji. Msimu wa kupulizia, kuanzia mwezi wa 6 hadi wa 9, shamba zima unakuta vimetupwa chini ya mikorosho. Mifuko ya salfa watu wanawekea mahindi. Chupa za dawa nimeona zinauziwa mafuta ya taa, na nimeona mtoto anachotea maji. Mnazichukua?

#9 Mwana wa Shangani

Mkuu, chupa ya dawa usiichanganye na hizi nyingine hata moja. Chupa moja ya dawa ikiingia kwenye chenga zitakazotengenezwa ndoo, sumu imehamia jikoni kwa mtu.

Taratibu za kimataifa ziko wazi na ni rahisi. Chupa ikiisha, wakati ule ule unapochanganya, isuuze mara tatu, na maji ya kusuuza yamwage ndani ya bomba la kupulizia, yaende kwenye mkorosho pamoja na dawa. Usisubiri kesho, dawa ikikauka haitoki. Kisha itoboe chini kwa msumari isichotewe maji tena. Weka kiroba chake, mbali na watoto, na usichome. Mfuko wa salfa kwa kawaida nje ni namba 5 na ndani una nailoni laini. Usiwekewe chakula, hata ukifuliwa.

Nani azichukue baadaye? Hapa mimi nina msimamo. Dawa na salfa zinawafikia wakulima kupitia vyama vya msingi. Njia iliyoleta chupa iliyojaa inaweza kurudisha chupa tupu. Mkulima akija kuchukua mgao wa msimu huu, alete matupu ya msimu uliopita. Lipelekeni kwenye mkutano mkuu wa chama chenu. NEMC, baraza la taifa la mazingira, wana ofisi ya Kanda ya Kusini hapa Mtwara, waalikwe waseme mzigo huo unaharibiwa wapi kihalali.

#10 Kusi na Kaskazi

Mimi naona mnawabebesha mzigo maskini. Aliyeuza maji kwenye chupa amepata faida yake Dar, sasa kijana wa Mtwara aokote, aoshe, abane, alipe nauli. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, mifuko ilipungua mitaani kwa miezi michache kuliko miaka yote ya kuokota. Hiyo ndiyo dawa. Tena nyingine wala si zetu, nimeokota Msimbati chupa zenye maandishi ya Kiindonesia.

#11 Mwana wa Shangani

Sikupingi. Watafiti walipopiga hesabu ya plastiki yote iliyotengenezwa duniani hadi 2015, waliona iliyogeuka taka ni kama tani bilioni 6.3, na iliyorejelezwa ni asilimia 9 tu. Anayesema kurejeleza peke yake kutaokoa bahari hajaziona namba. Muuzaji wa chupa alipe gharama ya kuirudisha, na mkoa wa mbali kama wetu ulipiwe zaidi, kwa sababu nauli ndiyo inayotuua. Hili nitalisema popote.

Na za Msimbati ni kweli. Mkondo unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki unagonga pwani karibu na Rasi Delgado, hapo ng'ambo ya Ruvuma, ndipo unagawanyika kwenda kaskazini na kusini. Tuko mlangoni kabisa. Msimbati yote iko ndani ya hifadhi ya bahari, kasa wanataga humo. Siwezi kumwambia kasa asubiri sheria.

Lakini marufuku haikugusa chupa, na chupa iko mtaroni leo. Vyote viwili viende pamoja.

#12 Mlinga

Nimekubali la kutenganisha. Nataka kujua sasa, mtaji? Tuko vijana watano.

#13 Mwana wa Shangani

Jisajilini kikundi, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 4 ni ya vijana, 4 wanawake, 2 wenye ulemavu, haina riba. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wako Lindi na Mtwara, waonyesheni mchoro wa kibanio kabla ya kununua chuma.

Ila msikope kwanza. Anzeni na mizani ya kuning'iniza, viroba vitatu, na kumbi mbili za harusi. Miezi miwili. Andikeni kila kilo kwenye daftari, kwa namba zake. Daftari hilo ndilo mtakaloenda nalo kwa afisa, na ndilo litakaloonyesha kama Lindi ina mzigo wa jeki au wa mashine ya kusaga.

Na wenye malori mliomo humu: magari mengi yanashusha bidhaa za dukani Masasi, Lindi na Mtwara, kisha yanarudi Dar matupu. Marobota ya chupa hayaozi wala hayana haraka. Mkitupa nafasi ya kurudi kwa bei ya kurudi, nusu ya tatizo langu la kwanza imekwisha.

#14 Fundi Ligula

Mafundi wa majahazi nao wasikilizwe. Lamu waliunda jahazi zima kwa plastiki iliyorejelezwa, Flipflopi, urefu mita 9, limefunikwa kandambili 30,000, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Aliyeongoza uundaji ni fundi wa jadi, Ali Skanda. Mbao ya plastiki walilazimika kujifunza upya namna ya kuipigia msumari, maana inajikunja kwenye joto. Mikindani kuna mikono inayoweza kazi hiyo, tukiwapa mbao iliyotenganishwa sawasawa.

#15 Mwana wa Shangani

Mama Mwani, shikamoo tena. Nimetoka kwa fundi.

Nilipeleka tai-tai za aina mbili nilizopata kwa mkulima wa huku kwetu: zilizotumika msimu mmoja, na kuukuu zilizookotwa mchangani. Kuukuu alizivuta kwa vidole tu zikawa unga, akaziweka pembeni bila kuwasha moto. Za msimu mmoja alizisuka, akazibandika kwenye ufa wa beseni. Zilipopoa alisukuma kwa kidole gumba kama siku ile. Zimeshika. Nilijaribu kwa koleo, beseni likapasuka pembeni ya kiraka, kiraka kikabaki.

Anasema kasoro ni chumvi, inatoa viputo kwenye chuma cha moto. Kwa hiyo zioshwe maji ya kisima, zianikwe kivulini, wala zisiachwe juani wiki nzima. Zile za zamani msizichanganye nazo.

Sina mnunuzi bado mama, sitaki kukudanganya. Nina fundi mmoja anayeamini, na Mlinga yuko Lindi, njiani kwenu. Tukipata kilo kumi safi, Fundi Ligula atatusaidia kuzigandamiza kuwa kigingi kimoja cha mwani, tukiweke majini mwaka mzima tuone kama kinamega au kinasimama. Kikisimama, hatutakata vigingi mikokoni, nayo mikoko itapumua kidogo.

#16 Mama Mwani

Marahaba mwanangu. Tumeshaosha viroba viwili, za msimu huu tu. Binti anavipandisha boti ya Somanga maji yakijaa. Mwambie huyo Mlinga asivitafute sana, nimevifunga kwa kamba ya bluu.